TUJIFUNZE: Pajala, halmashauri ya mpakani mwa Uswidi na Ufini



Wengi wetu tunaifahamu Uswidi kupitia wamisionari, mmojawapo akiwa Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wa Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964. Tukiisikia nchi hiyo tunafikiria wafadhili, shule na hospitali. Ni mara chache tunakumbuka kwamba huko nako wapo wanavijiji wa pembezoni, ambao mambo yao yaliwahi kuamuliwa na watu wa mbali. Somo la toleo hili linahusu halmashauri ya Pajala. Lengo lake ni kujua historia ya watu hao na kujipima sisi tunaopanga miradi.

1. Mahali ilipo

Pajala iko kaskazini kabisa mwa Uswidi, katika mkoa wa Norrbotten, juu ya mstari wa Aktiki. Wakati wa kiangazi kuna majuma kadhaa ambayo jua halizami. Wakati wa baridi mchana ni mfupi mno, mito huganda, na baridi huweza kupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 8,000, lakini wakazi ni kama 6,000 tu. Sehemu kubwa ni misitu na mabwawa ya matope.

Mito miwili ndiyo uhai wa eneo hili: Torne na Muonio, inayokutana karibu na mji wa Pajala. Mto Torne una jambo la ajabu. Ukifika karibu na Junosuando, takriban nusu ya maji yake huacha njia na kupita mto Tärendö hadi kuungana na mto mwingine, Kalix. Mito mikubwa inayogawanyika hivyo ni michache duniani. Tangu zamani watu waliishi kwa kuvua samaki, kufuga ng'ombe, kulima shayiri kidogo na kukata nyasi za mabondeni kwa ajili ya mifugo. Wasami nao walifuga wanyama wa jamii ya kulungu. Katika karne ya 17 kilianzishwa kiwanda cha chuma huko Kengis.

2. Mpaka uliochorwa juu ya mto

Hadi 1809 Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Watu wa kingo zote mbili za mto walisema Kifini, walioana na kusali pamoja. Mto haukuwatenga, uliwaunganisha. Baada ya vita vya 1808 na 1809, Uswidi iliitoa Ufini kwa Urusi, na mpaka ukawekwa kwenye mito Torne na Muonio. Waliobaki magharibi wakawa raia wa Uswidi wasiojua Kiswidi. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa tuna jamii nyingi zilizokatwa na mipaka ambayo hazikuulizwa.

3. Mchungaji aliyehubiri kwa lugha za watu

Mwaka 1826 Lars Levi Laestadius alikuwa mchungaji wa Karesuando, na mwaka 1849 alihamia Pajala, alikofariki mwaka 1861. Alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Mama yake alikuwa na asili ya Kisami. Wakati huo pombe kali ilikuwa imeharibu familia nyingi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1840, mahubiri yake kwa Kifini na Kisami yalileta uamsho mkubwa. Watu waliacha ulevi, na walei waliojua kusoma walitumwa vijijini kufundisha. Uamsho huo ulienea hadi Ufini, Norwe na Marekani. Mahubiri yaliingia mioyoni kwa sababu yalitumia maneno ambayo watu walitumia nyumbani mwao.

4. Msaada ulioleta jeraha

Baadaye serikali iliona hatari kuwa na raia wanaosema Kifini karibu na mpaka wa Urusi. Kuanzia 1888 shule zilizopata fedha za serikali katika bonde la Torne zilitakiwa kufundisha kwa Kiswidi. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao, hata wakiwa mapumziko.

Mwaka 1902 mavuno yaliharibika na njaa ikaingia. Kuanzia 1903 zikafunguliwa nyumba za bweni kwa watoto wa familia maskini waliokaa mbali na shule, na viongozi wa kanisa walishiriki katika kazi hiyo. Watoto walipata chakula, mavazi na mafunzo ya kazi za mikono. Lakini walitengwa na wazazi kwa miezi mingi, na lugha yao ilikatazwa. Nyumba hizo ziliendelea hadi 1954. Ni kweli kwamba watoto walikula. Ni kweli pia kwamba wengi walikua wakiionea aibu lugha yao, na wao hawakuwafundisha watoto wao.

Tangu Aprili 2000 lugha hiyo, iitwayo Meänkieli, maana yake "lugha yetu", inatambuliwa kisheria kuwa mojawapo ya lugha tano za makundi madogo ya taifa. Mwaka 2020 serikali iliunda tume ya ukweli na maridhiano kuhusu watu hao, nayo ilitoa taarifa yake ya mwisho Novemba 2023.

5. Mafunzo kwetu

Kwanza, njaa ni ya kweli na lazima ishughulikiwe, lakini mkono unaotoa chakula usichukue heshima ya anayepokea. Pili, lugha ya mkutano huamua nani atasema. Kikao kinachoendeshwa kwa lugha ya wasomi huwaacha akina mama na wazee wakiitikia tu. Tatu, tusitegemee chanzo kimoja cha kipato. Mgodi wa chuma wa Kaunisvaara, ulioko Pajala, ulianza 2012, ukafilisika 2014, na kufunguliwa tena 2018. Waliohamia na kujenga kwa ajili ya mgodi ndio walioumia.

Tukumbuke siku ya Pentekoste (Matendo 2). Roho Mtakatifu hakuwataka watu wajifunze kwanza lugha moja ndipo wasikie.

Maswali ya majadiliano

1. Mikutano ya miradi katika usharika wetu hutumia lugha gani? Nani hukaa kimya?
2. Je, upo msaada tuliowahi kutoa ambao uliwavunjia heshima waliopokea?
3. Watoto wetu wa bweni wanabaki vipi karibu na wazazi na mila njema za kwao?
4. Kijiji chetu kikipoteza chanzo chake kikuu cha kipato, kitabaki na nini?