Alikudanganya wapi hapa? Soma kabla hujatuma dipoziti

Wauzaji wenzangu, leo si picha za bidhaa wala matangazo. Leo ni elfu kumi na nane zangu.

Mwaka jana nilipata muuzaji wa jumla mtandaoni, ana viatu vya watoto, bei tamu kabisa. Akaniandikia: "Mzigo unafika Ijumaa, tuma nusu nikuwekee." Nikatuma Sh18,000. Ijumaa ikaja ikapita, ya pili ikapita, simu ikazimwa. Nikaenda kituo cha polisi nimeshika simu, hasira zimenijaa, nikijua kesi imeiva. Afisa akasoma zile meseji zote polepole, halafu akaniuliza, "Dada, alikudanganya wapi hapa?"

Niliondoka nikimlaani. Ila nikaja kuisoma sheria yenyewe (mimi nimeishia fomu four tu, lakini Kanuni ya Adhabu ya Kenya iko mtandaoni na ukitulia inasomeka), nikaona swali lake lilikuwa na maana.

Kosa linaitwa kupata mali kwa udanganyifu, liko kifungu cha 313, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3. Kifungu cha 312 ndicho kinasema udanganyifu ni nini. Mtu akuonyeshe jambo fulani, kwa maneno, kwa maandishi au hata kwa vitendo. Jambo lenyewe liwe limeshatokea au liko sasa. Liwe si kweli. Na yeye awe anajua si kweli, au haamini kuwa ni kweli. Halafu 313 inadai vingine: awe na nia ya kulaghai, na uongo huo ndio uwe umefanya utoe kitu kinachoweza kuibwa, kama pesa au bidhaa.

Sasa rudi pale kwa "limeshatokea au liko sasa". Kesho haimo! Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 1989, kwenye kesi ya Oware dhidi ya Jamhuri, kwamba maneno kuhusu jambo la mbeleni hayawezi kubeba shtaka hili. "Mzigo unafika Ijumaa" ni ahadi. Ahadi ikivunjwa inakuuma vilevile, lakini kwa kosa hili haitoshi. Angeniandikia "mzigo uko hapa stoo" au "kontena lilitoka bandarini jana", na hakuna stoo wala kontena, hiyo ingekuwa hadithi nyingine. Hata akichanganya, ahadi kidogo na uongo wa sasa kidogo, ule wa sasa ndio wa kushika.

Kwa hiyo kabla sijatuma pesa siku hizi nauliza maswali ya sasa, tena kwa maandishi. Unao mzigo mkononi? Uko wapi saa hii? Ni pea ngapi? Nipigie video uutaje na tarehe ya leo. Mwenye mzigo anajibu kwa dakika mbili. Mwingine anaanza "wewe dada huniamini?" Huyo mwache aende. Na meseji usifute, hata zile za salamu.

Yule mteja anayekuonyesha meseji feki ya M-Pesa yuko tofauti kabisa. Anasema "nimelipa", yaani limeshatokea, ni uongo, anajua ni uongo, na wewe umempa kiatu kwa sababu hiyo. Huyo sheria inamfika. Lakini angalia hapo mwisho. Kama uliangalia simu yako ukaona pesa haijaingia, bado ukampa kwa kuwa ni jirani na unamhurumia, wakili wake atauliza: ni uongo gani uliokutoa mzigo, na ulikuwa unajua hajalipa? Angalia salio kwanza, ndiyo, lakini ukishaona halijaingia usitoe kitu.

Na sisi wenyewe je? Wangapi tunachukua picha kwa ukurasa wa mtu, tunaandika "ipo, chache zimebaki", tunapokea pesa, ndio tunakimbia mjini kutafuta? Nimefanya, sitadanganya. Unasema unacho sasa na unajua huna. Hapo kilichobaki cha kukuokoa ni kueleza kwamba hukuwa na nia ya kulaghai, na hayo si maelezo ya kutoa mbele ya hakimu. Andika tu "kwa oda, siku 5 hadi 7". Ukikosea kwa kweli, ulidhani pea mbili zimebaki kumbe msaidizi wako aliuza jana, hiyo si kosa hili kwa sababu hukujua. Rudisha pesa siku hiyohiyo basi.

Sasa, ahadi iliyovunjwa haimaanishi pesa imekufa. Ni deni, na kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai hadi Sh1,000,000 na unaweza kujisimamia bila wakili. Mimi nilijaribu njia hiyo nikakwama mlangoni. Nilikuwa na jina lililotoka kwenye ujumbe wa M-Pesa basi. Duka liko mtaa gani, sijui. Karatasi za mahakama zipelekwe wapi, sijui. Sasa hivi nauliza duka liko wapi kabla ya kuuliza bei, na nikiwa na nafasi natuma mtu wa boda akalione.