Jinsi ya Kumsoma Farasi katika Sanaa ya Kale ya China

Ukikutana na farasi katika sanaa ya kale ya China, awe wa shaba, wa udongo au wa wino, usiishie kuusifu uzuri wake. Jiulize: amenona au amekonda? Yuko huru au amefungwa? Ana majeraha? Wasanii wa China walimtumia farasi kusema habari za watu, hasa watawala na wanaowatumikia, na maana imo katika hali ya mnyama huyo.

Thamani yake ilitokana na uhaba. Nchi ya wakulima haikuwa na malisho ya kutosha kwa farasi bora, na kaskazini Waxiongnu, mabingwa wa kupigana wakiwa juu ya farasi, walikuwa tishio la kudumu. Ndiyo sababu mfalme Wu wa enzi ya Han alipeleka majeshi hadi Fergana, Asia ya Kati, kati ya mwaka 104 na 101 K.K., kutwaa farasi waliosifika kwa kutoka jasho la damu. Waliitwa farasi wa mbinguni na kuhusishwa na joka.

Mfano mashuhuri wa enzi hiyo ni farasi wa shaba aliyechimbuliwa Wuwei, mkoani Gansu, mwaka 1969. Kimo chake hakizidi sana sentimita 34. Anza na kwato zake: tatu ziko hewani, ya nne imemkanyaga ndege arukaye. Hana mabawa, wala hayahitaji. Fundi amemaliza kila kitu kwa kumweka ndege chini yake.

Mfalme Taizong wa enzi ya Tang, katika karne ya 7, aliagiza farasi sita aliowapanda vitani wachongwe kwenye mawe kwa ajili ya kaburi lake, Zhaoling. Baadhi wamechomwa mishale. Mmoja, Saluzi, ametulia huku jemadari Qiu Xinggong akimchomoa mshale kifuani. Jiwe hilo linasifu uaminifu, lakini pia linamkumbusha mtazamaji kwamba ufalme ulipatikana kwa vita. Kwangu, hakuna farasi wa China anayegusa moyo kuliko huyu.

Han Gan, mchoraji wa mfalme Xuanzong wa enzi hiyo hiyo ya Tang, alimchora yapata mwaka 750 farasi mweupe aliyefungwa kwenye nguzo, macho yamemtoka, miguu haitulii. Nguvu ipo, ila ina mwenyewe. Mihuri myekundu inayomzunguka si sehemu ya mchoro wa awali. Iligongwa na walioumiliki mchoro baadaye, nayo ni ushahidi wa mikono uliyopitia.

Farasi waliokonda ndio wenye mengi ya kusema. Gong Kai alikuwa ofisa wa enzi ya Song, iliyoangushwa na Wamongolia mwaka 1279. Alichora farasi aliyebaki mifupa, kichwa chini, mbavu zikihesabika. Usimhurumie haraka. Kwa mujibu wa maandishi ya Gong Kai mwenyewe, farasi bora kabisa ana mbavu 15, na haziwezi kuonekana mpaka akonde. Basi kudhoofika kwake ndiko kunakoonyesha ubora wake: ni mtumishi hodari aliyekosa mtawala wa kumtumikia.

Ren Renfa, aliyekuwa ofisa chini ya Wamongolia hao hao, alisema wazi zaidi. Alichora farasi wawili, mmoja kanona, mwingine kadhoofu, kisha akaandika ufafanuzi wake pembeni: aliyekonda ni ofisa anayejichosha ili wananchi washibe, aliyenona ni yule anayejishibisha huku wao wakiteseka. Kwa hiyo popote mchoro una maandishi, tafuta tafsiri yake kabla ya kutoa hukumu.

Farasi wa shaba yuko Lanzhou. Mawe manne ya Zhaoling yako Xi'an, mawili Philadelphia, Saluzi akiwemo. Mchoro wa Han Gan uko New York, wa Gong Kai Osaka, wa Ren Renfa Beijing. Michoro ya wino huharibiwa na mwanga, hivyo huonyeshwa kwa vipindi vifupi tu. Uliza jumba la makumbusho kabla ya kufunga safari.