Somo la Robo Hii: Kijana Anapoanza Kazi ya Mitaji



Zamani kijana wa Meru aliyemaliza chuo alitafuta kazi ya ualimu, ya benki au ya utalii. Siku hizi wapo wanaoingia kwenye mifuko ya uwekezaji, ile inayoweka fedha katika kampuni changa na kungoja faida. Kijana wa namna hiyo akionekana parokiani huombwa mara moja aingie kamati ya miradi, kwa kuwa "anajua mambo ya mitaji". Somo hili ni lake, na ni la wazee watakaokaa naye meza moja. Tumezoea kuita kila fedha "msaada", na miradi mingi huanza kupotea hapo.

Tuseme dada mmoja wa Nkoaranga anataka shilingi 6,000,000 anunue vifaa vya kutengeneza mtindi, auze Tengeru na mjini. Akipewa msaada, hakuna anayemdai. Akipewa mkopo wa mwaka mmoja, kila mwezi atarudisha 500,000 na riba juu yake, hata ule mwezi ambao majani yamekauka na ng'ombe hawatoi maziwa. Njia ya tatu ndiyo kazi ya mifuko tunayoizungumzia. Mfuko unanunua hisa, tuseme asilimia 30 ya biashara. Mwaka wenye faida ya 2,000,000, fungu la mfuko ni 600,000. Mwaka wa hasara haupati kitu, wala hauwezi kumdai dada yule. Biashara ikikua hata ikawa na thamani ya 40,000,000, fungu hilo ni 12,000,000. Huu ndio mtaji wa ubia. Mwenye fedha amekubali kupoteza pamoja na mwenye biashara, kwa hiyo anayo haki ya kuuliza maswali magumu, na mara nyingi hudai kiti kwenye bodi.

Mifuko hiyo hujua kwamba kampuni nyingi inazoingia hazitafika mbali, na kwamba chache zitakazokua zitafidia hasara ya nyingine. Ndiyo maana hutafuta biashara inayoweza kukua sana, tena haraka. Off Grid Electric, kampuni iliyoanzia hapa Arusha ikiuza huduma ya umeme wa jua kwa malipo madogo madogo ya simu, ilipata dola milioni 25 mwaka 2015 kutoka kwa wawekezaji walioongozwa na DBL Partners ya Marekani. Baadaye ilijulikana kama ZOLA. Mtindi wa Nkoaranga hauwezi kukua kwa kasi hiyo, na si kosa la mtindi. Kumwambia mtu waziwazi kwamba fedha hizi hazimfai, aende Saccos, ni sehemu ya kazi. Vijana wageni huona aibu kulisema hilo. Humzungusha mtu miezi sita, naye anangoja.

Sasa tumtazame mgeni mmoja halisi. Katikati ya miaka ya 1980, Jacqueline Novogratz, Mmarekani mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, aliacha kazi katika benki ya Chase Manhattan akaja Afrika. Huko Kigali alishiriki kuanzisha Duterimbere, taasisi ya mikopo kwa wanawake. Kwa maelezo yake, pale Nyamirambo alikuta kikundi cha wanawake wapatao 20 wakioka na kuuza vitafunwa. Kila mmoja alipata kama nusu dola kwa siku, na pengo la mradi lilizibwa na wafadhili kila mwezi. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuza zaidi, maana pengo lilizibwa tu. Novogratz alikaa nao, wakahesabu gharama na mauzo, wakaamua kuendesha mradi kama biashara. Ilichukua muda, lakini mapato yakapanda hadi kama dola 2 kwa siku.

Kisha wakataka kupaka rangi duka lao. Aliwauliza wanataka rangi gani. Kimya. Akauliza tena siku nyingine. Kimya. Mwishowe akapendekeza buluu, wakasema sawa, wakapaka kila mahali. Kazi ilipokwisha ndipo mmoja akamwambia kwamba rangi yao hasa ni kijani.

Wazee wa kwetu hawatashangaa. Nani atamkatalia mgeni mwenye fedha mbele za watu? Kijana anayekwenda Ngaramtoni na kompyuta yake akaambiwa "sawa, sawa" kwa kila swali ajue bado hajajibiwa. Arudi, akae jikoni, aulize kwa njia nyingine.

Mwaka 2001 Novogratz alianzisha Acumen Fund huko New York, na uwekezaji wake mmoja wa mwanzo ulikuja hapa kwetu, katika kiwanda cha A to Z kilichopo Kisongo. Wakati huo vyandarua vilichovywa dawa mara kwa mara, na kaya nyingi ziliacha kuchovya. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilikuwa na chandarua ambacho dawa imechanganywa ndani ya uzi na kudumu miaka kadhaa. Iliipa A to Z ujuzi huo, na Acumen ikatoa mkopo wa dola 325,000. Uzalishaji ulianza mwaka 2003. Kiwanda kikafika kutengeneza mamilioni ya vyandarua kwa mwaka na kuajiri maelfu, wengi wao wanawake. Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alikuja kukitazama.

Angalieni kwamba ulikuwa mkopo, ingawa mkopeshaji alikuwa shirika lisilo la faida. Kuna swali jingine ambalo kijana mgeni hulisahau: nani ananunua? Kuanzia mwaka 2004 mama mjamzito alipewa hati punguzo akaongeza fedha kidogo dukani. Mpango huo ulikoma mwaka 2014. Katikati, kati ya 2009 na 2011, mamilioni ya vyandarua viligawiwa bure. Basi anayelala ndani ya chandarua ni mmoja, na anayekilipia, Serikali na wafadhili, ni mwingine. Mfadhili akibadili mawazo, kiwanda hutikisika hata kama mbu ni walewale. A to Z ilikuwa na nguo na bidhaa za plastiki pia. Mradi wa parokia unaouza kwa mfadhili mmoja tu una nini pembeni?

Kwa kikao kijacho, mpeni kijana wenu mradi mmoja tu kutoka kwenye daftari. Aeleze kama fedha zilizotoka zilikuwa zawadi, mkopo au hisa, na kama hakuna aliyeandika, aseme hivyo. Aende siku ya kazi, si Jumapili, akae mpaka wanapofunga, ahesabu wanunuzi na kuandika nani amelipa taslimu na nani amekopa. Ripoti isizidi kurasa mbili, na asomewe kwanza mwenye mradi kabla haijafika mezani kwenu.