Majarida ya Profesa: Yapi Tupokee, Yapi Tukatae

Katika maktaba ya chuo ninayofanyia kazi hapa Marekani, msimu wa kustaafu ndio msimu wa maboksi. Profesa anafunga ofisi, anatuletea matoleo ya miaka mingi ya jarida alilokuwa akililipia mwenyewe. Ukifungua jalada unakuta mchapishaji kaonya: nakala ya msomaji binafsi, isiwekwe maktabani. Wakutubi wapya huogopa hapo. Mimi huuliza kwanza: ni karatasi au ni nywila?

Karatasi ina sheria nzuri. Kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki kinamruhusu mwenye nakala halali kuiuza au kuigawa bila kuomba ruhusa. Onyo lililochapwa tu ndani halimzuii. Wachapishaji Bobbs-Merrill waliandika kwenye riwaya yao kwamba isiuzwe chini ya dola moja; duka la Macy's likaiuza kwa senti 89, na mwaka 1908 Mahakama ya Juu ikalipatia duka ushindi.

Ahadi ni jambo jingine. Taasisi hutozwa mara kadhaa ya bei ya mtu binafsi, ndiyo maana baadhi ya fomu za kujiunga humtaka mlipaji akubali kwamba nakala zake hazitaingia maktabani. Akishakubali, huo ni mkataba. Maktaba haimo, lakini yeye anaweza kudaiwa. Basi muulize alikubali nini, kisha atie sahihi hati fupi ya zawadi inayosema nakala ni zake na hajafungwa na sharti lolote. (Thamani ya maboksi kwa ajili ya kodi usimwandikie, atafute mthamini wake.)

Ninachokataa kabisa ni mpango: mhadhiri ajiunge kwa bei ya chini, bajeti ya maktaba imrudishie hela kimyakimya, kila toleo liletwe rafuni likiwa bado kwenye nailoni. Hapo hakuna zawadi, kuna ujanja wa kukwepa bei, hata kama bajeti imekatwa hadi mfupa.

Nywila sina mjadala nayo. Jarida la mtandaoni kwa kawaida hutolewa kwa leseni, na ya mtu mmoja haigawiki. Hata faili ulilonunua lina mipaka: mwaka 2018, katika kesi ya kampuni ya ReDigi, mahakama ya rufaa ilikataa muziki wa kidijitali uuzwe upya kama santuri, kwa kuwa kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya. Mshukuru profesa, umwombe afunge akaunti yake, na makala anazozihitaji mwanafunzi uziagize kutoka maktaba nyingine.

Ukikuta sharti usilolielewa, mpelekee mwanasheria wa chuo kabla hujagonga muhuri wa maktaba.