Swala na Ratiba ya Vipindi

Wanachuo wenzangu, nguzo tano tulizikariri tangu madrasa: shahada, swala, zaka, funga ya Ramadhani na hija. Hapa chuoni baadhi yake zinatupa nafasi ya kupumua. Hija ni kwa mwenye uwezo. Zaka ya fedha inataka kiwango maalumu kikae mwaka mzima mkononi mwako, na bumu letu tunalijua, mwezi tu halimalizi. Funga huja mara moja kwa mwaka. Swala ndiyo inayotugongea mlango kila siku, mara tano, na ndiyo wengi tunaipoteza mwaka wa kwanza.

Mimi nilikuwa hivyo. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi nilizirundika, nikazisali usiku kwa mpigo kama mtu anayelipa deni kwa Mangi. Kisingizio: vipindi vimebana.

Hebu tupige hesabu. Sura An-Nisaa, aya ya 103, inasema swala imewekewa nyakati maalumu. Wakati si ile dakika ya adhana tu. Una mwanzo na mwisho. Hapa Dar es Salaam Adhuhuri inaingia karibu saa sita na nusu na kuendelea hadi Alasiri, saa tisa na nusu hivi. Mwenye kipindi cha saa sita mpaka saa nane bado ana zaidi ya saa nzima. Mwanzo wa wakati ni bora, sawa, lakini aliyesali saa nane na robo kasali kwa wakati. Na wudhu wa hosteli, maadamu haujatenguka, unakuepusha na foleni ya bomba.

Kazi ipo Magharibi. Kipindi cha saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku kinaumeza wakati wake wote. Hapo utasikia, "Nitajumuisha na Isha." Ni kweli, Ibn Abbas amepokea katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alijumuisha Madina bila hofu wala mvua, asiutie umma wake uzito. Mashia Ithnaashari hujumuisha hata bila dharura. Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, wanataka safari au mvua. Ibn Sirin aliruhusu kwa haja, ila isiwe mazoea. Sasa kipindi cha kila Jumanne, muhula mzima, si mazoea hayo?

Basi tulimwendea mhadhiri, Waislamu watatu na kiongozi wa darasa, ambaye ni Mkristo. Tukaomba dakika kumi ifikapo saa moja. Akakubali, kisha akauliza mbona hatukusema tangu wiki ya kwanza.