Goti Bandia: Tumchagulie Mama Lipi?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 67 na ana kisukari. Goti lake la kulia limesagika. Usiku halali kwa maumivu. Daktari bingwa wa mifupa ameshauri abadilishiwe goti. Ametaja aina mbili: linalobakiza kano ya nyuma na linaloiondoa. Shemeji yangu naye amesikia kuna goti la bei kubwa zaidi linalokunja hadi mtu anasujudu kama zamani. Ukoo mzima tunachanga. Tuongeze fedha tuchukue hilo?
Mtoto wa Mwisho, Tanga

JIBU: Mwanangu, mfikishie mama pole zangu. Kwa ahadi hiyo ya kukunja, msiongeze hata shilingi.

Goti bandia lina kofia ya chuma inayovalishwa ncha ya mfupa wa paja, sahani ya chuma juu ya mfupa wa muundi, na katikati plastiki ngumu inayoshika nafasi ya gegedu lililosagika. Aina moja huiacha kano ya nyuma iendelee kuushikilia mguu. Nyingine huiondoa, na kazi yake hufanywa na kigingi kinachochomoza kwenye plastiki na kuingia ndani ya ile kofia. Kano ikiwa imechakaa au mguu umepinda sana, madaktari wengi hupendelea ya kigingi. Pengine uamuzi hufikiwa goti likiwa limeshafunguliwa.

Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti zilizolinganisha aina hizo mbili. Kwa maumivu na utendaji hawakuona tofauti ya maana. Katika kukunja zilipishana nyuzi mbili hivi. Utafiti mkubwa wa Uingereza, KAT, uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 10 na kukuta kuwa waliowekewa plastiki ya katikati inayozunguka hawakupata nafuu zaidi kuliko waliowekewa iliyokazwa. Magoti yanayouzwa kwa sifa ya kukunja zaidi nayo hayajathibitisha ubora huo.

Kuhusu kusujudu, nakueleza wazi ili mama asije akavunjika moyo. Baada ya upasuaji, wengi hukunja nyuzi 110 hadi 120. Kukalia visigino, kama katika swala, kunahitaji zaidi ya 140. Na kinachotabiri zaidi ukunjaji wa baadaye ni ukunjaji wa sasa: goti lililokakamaa kwa miaka mingi halilainishwi na jina la kiwanda. Wapo wanaoweza kupiga magoti tena, lakini wengi hawajisikii vizuri. Mama ajiandae kuswali akiwa kwenye kiti. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Atakachokipata ni usingizi na kutembea bila maumivu. Hata hivyo, takribani mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika, na mara nyingi ni yule aliyetarajia goti la ujana.

Mkirudi hospitali, muulizeni daktari: Ni goti gani ulilolizoea, na kwa mwaka unafanya mangapi? Saizi zote zitakuwepo siku hiyo? Goti hilo lina rekodi ya miaka 10 au zaidi katika rejista za kitaifa za magoti bandia, kama ya Uingereza au Australia? Goti la kawaida lenye historia, likiwekwa na mkono uliolizoea, ni salama kuliko jipya linalosifiwa. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa magoti 82 kati ya 100 hudumu miaka 25.

Fedha mliyotaka kuongeza ilipieni fiziotherapia, nauli za kliniki na mtu wa kumsaidia mama wiki za mwanzo. Sukari yake ishuke na jino bovu litibiwe kabla ya upasuaji, kwa sababu maambukizi yakiingia kwenye goti bandia huenda likalazimika kutolewa. Tangu leo aanze zoezi hili: alale chali, akaze msuli wa paja, ahesabu hadi tano, alegeze, mara kumi asubuhi na kumi jioni. Msuli huo ndio utakaomsimamisha, goti lolote atakalowekewa.