Diski ya Msasa: Namna ya Kuichagua na Kuibandika

Wengi wanaoingia duka la vifaa vya ujenzi pale Nakivubo, Kampala, kununua diski za msasa huuliza namba na bei, wakalipa, wakaondoka. Fundi akirudi karakana yake Ndeeba anakuta matundu hayalingani na ya mashine, au diski inachomoka mara tu mashine inapowashwa. Hasara hiyo huepukika kwa maandalizi ya dakika chache. Mashine ya msasa ya duara huzungusha pedi huku ikiiyumbisha kidogo ili mikwaruzo isionekane. Kinachokula mbao ni diski, na diski isiyofaa huharibu kazi hata kwenye mashine ya bei kubwa.

Kabla ya kwenda dukani

Pima kipenyo cha pedi. Mashine nyingi za mkononi hutumia milimita 125, yaani inchi 5. Kubwa zaidi hutumia milimita 150, inchi 6. Kisha angalia matundu ya kufyonzea vumbi. Njia rahisi ni kulaza karatasi juu ya pedi na kuisugua kwa penseli hadi matundu yajichore. Nenda na karatasi hiyo dukani, uilinganishe na diski kabla ya kulipa.

Angalia pia pedi inashika kwa njia gani. Nyingi zina velkro, na diski yake huwa na manyoya mgongoni. Nyingine ni laini na hutaka diski yenye gundi. Aina hizi mbili hazibadilishani.

Diski hizi usizifunge kwenye grainda. Grainda huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na diski ya karatasi inaweza kupasuka na kukurukia usoni.

Namba ipi kwa kazi ipi

Namba ndogo ina chembe kubwa na hula haraka. Namba kubwa hulainisha.

- P40 hadi P60: kuondoa rangi ya zamani au kusawazisha mbao yenye mabonde.
- P80: mbao iliyotoka kwenye randa ikiwa bado na alama.
- P120: kufuta mikwaruzo ya P80.
- P180: hatua ya mwisho kwa meza na milango mingi ya mvule au mahogani kabla ya vanishi.
- P240 hadi P320: kusugua kidogo kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine.

Plaiwudi ianzie P120 au P150, kwa kuwa tabaka lake la juu ni jembamba na P80 hulitoboa upesi. Mbao ya paini ina utomvu unaoziba msasa, hivyo tafuta diski zenye mipako ya unga mweupe, ambazo hazizibi upesi.

Usiruke hatua. Ukitoka P60 ukaenda moja kwa moja P180, mikwaruzo mikubwa itabaki chini, nawe hutaiona mpaka vanishi ikauke. Kabla ya kila namba chora mistari hafifu ya penseli mbao nzima. Mistari ikiisha kila mahali, namba hiyo imemaliza kazi. Futa vumbi vizuri, kisha uende namba inayofuata.

Kubandika

1. Chomoa plagi ukutani.
2. Bandua diski ya zamani ukianzia ukingoni.
3. Safisha velkro ya pedi kwa brashi kavu, kwa sababu vumbi ndilo linaloifanya iteleze.
4. Linganisha matundu mawili yanayotazamana, kisha laza diski na uikandamize kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje.
5. Hakikisha ukingo wa diski hauzidi pedi.

Weka mashine juu ya mbao ndipo uiwashe, uisogeze polepole na uache uzito wake ufanye kazi. Ukiikandamiza, pedi hupata joto, vijino vya velkro huyeyuka, na baada ya hapo hakuna diski itakayoshika. Usiiendeshe kamwe bila diski.

Diski iliyochoka iache. Haikati tena, hung'arisha mbao tu, na mbao iliyong'arishwa hivyo hunyonya rangi kwa mabaka.

Vumbi

Mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulitangaza kuwa vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule nalo huwasha ngozi na macho, na huwaletea baadhi ya watu pumu. Kwa hiyo matundu ya diski yakilingana na ya pedi, yanaokoa pia mapafu: vumbi huingia mfukoni badala ya kupaa. Mfuko huo umwagwe kabla haujajaa, na hata hivyo vaa barakoa ya N95 au FFP2, maana kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo. Kijana anayeanza kujifunza useremala apewe barakoa siku ya kwanza, pamoja na penseli na futi.